Programu ya kusaka chanzo cha hitilafu kuganda: angalia kanuni kabla ya kununua mashine

Mkuu, umesema programu yako ya kusaka chanzo cha hitilafu inajibu chap ukiipa sababu 15, ila zikifika 40 inaganda, na unafikiria mashine yenye nguvu zaidi. Usinunue. Sababu 40 zina michanganyiko zaidi ya trilioni moja, na kila unayoongeza inaizidisha mara mbili.

Mimi nipo kwenye mitandao ya ofisi na nimeandika programu ya aina hiyo. Anza na sura ya kanuni zako. Kama zote ni za "hiki na hiki vikiwepo, dalili fulani inatokea", bila "au" kwenye matokeo na bila makatazo (yaani sababu fulani haziwezi kutokea pamoja), huhitaji kupitia michanganyiko. Chukulia sababu zote 40 zipo, hakikisha zinaeleza kila dalili, kisha ondoa moja moja: dalili zikiendelea kuelezeka, iache nje, zisipoelezeka, irudishe. Ukaguzi 41, kazi imeisha.

Ila mpangilio wa kuondoa una uzito mkubwa. Tuseme intaneti hakuna, printa haijibu, taa haziwaki. Ukianza kuondoa "umeme umekatika", utabaki na rauta imekufa, printa imeharibika, taa zimeungua. Hapo huwezi kupunguza hata moja, wakati fundi yeyote angekwambia ni umeme. Kwa hiyo ondoa kwanza zinazotokea kwa nadra.

Hata hivyo hiyo haikuhakikishii orodha fupi kuliko zote. Kuitafuta hiyo ni tatizo gumu la NP, yaani haijulikani njia ya haraka ya kulitatua kila mara, maana ndani yake limo lile la kufunika seti (kuchagua makundi machache iwezekanavyo yanayogusa kila kitu), lililo kwenye orodha ya matatizo magumu ya mtaalamu wa kompyuta Karp ya 1972. Ukiweka makatazo, hata kupata jibu lolote tu kunakuwa kugumu hivyo. Mtafiti Bylander na wenzake walilionyesha 1991. Kanuni zikiwa za aina yoyote, watafiti Eiter na Gottlob walithibitisha 1995 kwamba unapanda ngazi ya pili ya ugumu, juu ya NP: ukishabahatisha seti ya sababu, kuikagua tu nako ni kazi nzito.

Kama lazima upate fupi kabisa, weka kikomo. Hitilafu zisizozidi 3 kati ya 40 ni michanganyiko 10,700 tu. Ukikosa jibu, zile za nne nne ni 91,390, bado mashine uliyonayo inazimudu. Tupia kanuni zako hapa tuone kama zina makatazo.