Kabla Hujabomoa Ukuta wa Matofali Kati ya Nguzo

Wenye majengo ya ghorofa huniuliza swali hilihili: "Ukuta huu haubebi kitu, si naweza kuutoa?" Jibu langu ni kwamba slabu na paa vimebebwa na nguzo, kweli. Lakini jengo likisukumwa ubavuni, na upepo mkali au tetemeko la ardhi, ukuta huo unafanya kazi, uwe ulihesabiwa kwenye usanifu au haukuhesabiwa.

Fremu tupu, yaani nguzo na mihimili bila kuta, huyumba. Ikijazwa matofali, inapoinamia upande mmoja huubana ukuta kwenye pembe mbili zinazotazamana kimshazari, na matofali yaliyo kati ya pembe hizo hugeuka kuwa mwega. Jengo linakuwa gumu. Chukua jengo la zege lenye kimo cha mita 15 na kitako cha mita 10: kwa kanuni za India, likiwa fremu tupu hukadiriwa kuyumba kwenda na kurudi kwa sekunde 0.57, likiwa na kuta, sekunde 0.43. Ugumu huo una gharama yake, kwa sababu jengo linaloyumba haraka mara nyingi huvuta nguvu kubwa zaidi ya tetemeko.

Kinachonitia hofu kuliko yote ni ghorofa ya chini iliyoachwa wazi kwa ajili ya magari au maduka, huku juu kuta zimejaa. Sehemu ya juu husogea kama bonge moja, myumbo wote unaangukia nguzo za chini, nazo huvunjika vichwani na miguuni. Katika tetemeko la Bhuj, India, la tarehe 26 Januari 2001, majengo ya namna hii yaliporomoka Ahmedabad, zaidi ya kilomita 200 kutoka kitovu. Kanuni za India za 2002 zikataka nguzo na mihimili ya ghorofa kama hiyo isanifiwe kwa nguvu mara 2.5 ya zile za hesabu ya kawaida. Kwa hiyo ukitaka kufungua ghorofa ya chini upate duka, tafuta kwanza mhandisi mwenye michoro ya jengo, ndipo umwite fundi.

Ukuta wa nusu chini ya dirisha nao usiudharau. Nguzo ya mita 3 ikishikwa na ukuta wa mita 2, inabaki mita 1 tu ya kujipinda, na kipande hicho ni kigumu takriban mara 27 kuliko nguzo nzima. Kitavuta nguvu kisizoweza kuzihimili na kupasuka kimshazari. Ama acha mwanya kati ya ukuta na nguzo, ama ringi za nguzo (vyuma vinavyozungushwa kwenye nondo) zikaribiane kutoka chini hadi juu.

Ukiacha mwanya, ukuta ufungwe kwa vishikio vinavyouzuia kuanguka bila kuizuia fremu kuyumba. Ukuta usioshikwa na chochote huanguka mzimamzima kwenda nje, juu ya watu wanaokimbia.