Wagonjwa 14 kwa siku: tulikuwa wavivu au wadogo?

Mwaka wangu wa kwanza kama mganga mfawidhi, zahanati yetu ilishika mkia kwenye kikao cha halmashauri. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi: wagonjwa wa nje, gawanya kwa watumishi. Sisi tulikuwa watatu, wagonjwa kama 14 kwa siku. Wenzetu wa njia panda walikuwa watano, wagonjwa 90. Wakapewa cheti. Nikarudi nimenuna, nikamgombeza muuguzi wangu bure.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kuna hasara ya uzembe, na kuna hasara ya udogo. Aje mgonjwa mmoja au waje kumi, lazima awepo wa kumpima, wa kutoa dawa, na wa kumpokea mjamzito usiku wa manane. Huwezi kuajiri nusu muuguzi.

Tazama chanjo. Kichupa cha surua-rubela tulichokuwa tukiletewa kina dozi 10, na kikishachanganywa hakivuki saa 6 tangu kufunguliwa. Jumanne moja walikuja watoto wawili. Jioni nikatupa dozi nane. Njia panda wanakimaliza kabla ya chai ya asubuhi. Tukaamua chanjo hiyo iwe Alhamisi, tukamwomba mwenyekiti wa kijiji atangaze, na vichupa vya kutupa vikapungua. Lakini mama akitembea kutoka mbali akafika Jumatatu, fungua kichupa, hata kwa mtoto mmoja. Surua ikiingia kijijini utazililia dozi tisa hizo?

Ukubwa nao una pa kukomea. Nilikwenda njia panda siku mbili kujifunza. Tabibu ni mmoja: dakika 480 za kazi kwa watu 90, ni dakika tano na ushee kwa kila mtu. Kwa siku zote mbili sikuona mtu akipimwa presha. Na cheti kimetundikwa ukutani.

Wataalamu waliliona hili zamani. Charnes, Cooper na Rhodes walitoa mwaka 1978 njia ya kupima ufanisi kwa kulinganisha vituo na vile vinavyofanya vizuri zaidi. Mwaka 1984 Banker, pamoja na wawili wa kwanza, akaiboresha ili suala la ukubwa lipimwe peke yake. Wewe huhitaji kompyuta. Chukua vitabu vya MTUHA, vile vya kuandikia taarifa za huduma za kituo, vya miezi mitatu, tafuta zahanati nne au tano zenye watumishi na watu wa eneo kama zako, ujilinganishe na hizo. Wakikuzidi hapo, tatizo ni lako. Pengo linalobaki ukijipima na wakubwa, lipeleke halmashauri. Wao ndio wanaopanga watumishi.

Tatizo letu tulilipata. Tulikuwa tunafungua saa tatu badala ya saa moja na nusu, kwa sababu ufunguo ulikuwa unalala kwa mhudumu anayeishi ng'ambo ya mto. Tukachonga wa pili.

Mwaka uliofuata niliomba zahanati zipangwe kwa ukubwa. Tukawa wa tatu kati ya sita. Nilipomwambia muuguzi wangu, aliuliza kitu kimoja tu: hao wawili wanafungua saa ngapi?