Uzamivu wa sayansi hapa Nairobi bila kuuza shamba

Dada, umeuliza kama mtu anaweza kusoma uzamivu wa sayansi au uhandisi hapa Nairobi bila kuuza shamba la mzee. Anaweza. Anzia icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu pale Kasarani: mpango wao wa uzamivu, ARPPIS, upo tangu 1983, na usiogope neno wadudu, wanakemia nao wana kazi tele humo. Uhandisi? Angalia PAUSTI, taasisi ya Umoja wa Afrika iliyo katika chuo kikuu cha JKUAT, Juja, nje kidogo ya Nairobi. Ina ufadhili na hupokea Waafrika wa kila pembe. Ila kabla ya kujaza fomu, soma makala za msimamizi unayemtaka, kisha mwandikie aya mbili tu. Mimi nilituma maombi matatu kavukavu. Hadi leo kimya.