Silika katika zege la nyumba ya pwani

SWALI: Ninajenga nyumba Tanga, hatua chache kutoka baharini. Nguzo za jirani yangu zimepasuka na nondo zake zimeliwa na kutu. Kaka yangu, ambaye ni fundi Dubai, ananihimiza nichanganye unga wa silika kwenye zege, lakini fundi wangu wa hapa anasema mchanga tayari ni silika. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako amesema kweli, ila ameishia njiani. Silika ni madini yanayounda mchanga mwingi, lakini ile ya mchangani ni fuwele iliyotulia, haibadilishwi na saruji. Anayoitaja kaka yako ni unga wa kijivu unaonaswa kwenye moshi wa matanuri ya silikoni, wenye chembe ndogo kuliko za saruji kwa takriban mara 100. Saruji ikikutana na maji hutoa gundi inayoshika kokoto, na pamoja nayo chokaa dhaifu inayoyeyuka kidogo kidogo. Unga huo huigeuza chokaa hiyo kuwa gundi nyingine, huku ukiziba vitundu ambavyo chumvi hupitia kuzifikia nondo. Nguzo zilizochimbiwa chini ya Burj Khalifa, lile jengo refu la Dubai, penye maji ya ardhini yenye chumvi kali, zilimwagwa kwa zege la namna hiyo.

Kipimo cha kawaida ni kama kilo 4 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Tatizo ni kwamba unga huu hunywa maji, zege huwa zito, na fundi akiongeza maji ili koleo lipite, faida yote imepotea. Ndiyo maana hutumiwa pamoja na dawa ya kulainisha zege. Wachanganyaji nao wavae barakoa.

Kwa nyumba ya kawaida, mimi ningeanza kwingine. Soma mfuko: herufi P baada ya CEM II, alama ya aina ya saruji, huonyesha kuwa saruji ina majivu ya volkano, ambayo hufanya kazi hiyohiyo polepole. Maji yasizidi lita 22 kwa mfuko, yaani ndoo moja ya lita 20 na ziada kidogo, ukihesabu na unyevu wa mchanga. Usitumie kamwe mchanga wa ufukweni. Nondo zifunikwe na sentimita 5 za zege, kisha nguzo zifungwe magunia mabichi na kumwagiliwa siku 14. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, nyumba nyingi za pwani huharibikia. Pesa ikibaki, nunua unga wa silika kwa ajili ya msingi na nguzo peke yake.