Anasoma hadi usiku, mbona alama hazipandi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka 11. Kila jioni namkalisha mezani na madaftari yake hadi saa nne usiku, nami nakaa karibu asije akatoroka. Anasoma, namwona kwa macho yangu. Lakini matokeo yakitoka, hisabati 30, sayansi 40. Baba yake humgombeza na kumlinganisha na dada yake, mtoto analia. Mimi sikusoma sana, hesabu zao sizijui. Nitamsaidiaje?
Mama mwenye mawazo

JIBU: Marahaba, mama. Umeandika kana kwamba kutosoma kwako ndiko kunakomrudisha mtoto nyuma. Hilo nataka ulitoe moyoni kwanza. Katika miaka yangu ya kufundisha shule ya msingi nimeona wazazi wasiojua kusoma wakiwainua watoto wao, na wenye shahada wakiwafanyia watoto kazi za nyumbani hadi wakaingia kwenye mtihani mikono mitupu.

Unachokiona pale mezani ni mtoto anayepitisha macho kwenye daftari. Ukurasa ukisomwa mara ya tatu unakuwa mwepesi, naye anaamini umeshamwingia. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi wasome. Walipoulizwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliokumbuka zaidi ni wale waliofunga karatasi na kujaribu kuandika walichokumbuka.

Basi mwambie afunge daftari akueleze alichojifunza leo. Hapa kutojua kwako kunasaidia, maana utauliza kwa dhati. Akisema mmea unapata chakula kwenye udongo, muulize: sasa jua linaufanyia nini? Akikwama usimsute. Afungue, atafute, afunge tena, aendelee kukueleza. Nusu saa ya namna hiyo inazidi saa tatu za kukodolea macho daftari.

Hisabati nayo, acha kutazama alama iliyoandikwa juu ya karatasi, tazama hesabu aliyokosa. Nikupe mfano ninaoujua sana. Mtoto anaambiwa atoe 267 kwenye 503, anaandika 364. Mwalimu anaweka mkasi, nyumbani anaambiwa hana akili. Lakini fuata mkono wake: 3 na 7, ameona 7 ni kubwa, akatoa 3, akapata 4. Sifuri na 6, akaandika 6. Tano toa mbili, tatu. Kila mahali ametoa ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Huyo hajabahatisha hata kidogo! Ana kanuni yake, ameifuata kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ni mbovu. Hajaelewa kukopa, hasa pale makumi yanapokuwa sifuri na inabidi aende kukopa kwa mamia. Akielekezwa hapo, jibu la 236 atalipata, na hesabu nyingine nyingi zitanyooka kwa mpigo. Wewe huhitaji kujua hesabu hiyo. Mwambie tu, "Nionyeshe ulivyofanya, hatua kwa hatua," kisha msikilize hadi mwisho. Mara nyingi mtoto hugundua kosa lake katikati ya maelezo.

Baba yake naye umsomee sehemu hii. Kumlinganisha na dada yake hakumfundishi kukopa. Kinachomfundisha ni kuficha karatasi, na karatasi ikifichwa hamtajua tena anakwama wapi. Hata sifa zina namna yake. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kuwa wana akili walivunjika moyo walipokutana na maswali magumu, kuliko waliosifiwa kwa bidii yao. Kwa hiyo msifuni kwa alichokifanya: "Leo umerudia hesabu ile hadi ikakubali."

Na hiyo saa nne ya usiku, mama, iondoe. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Yaliyosomwa mchana hukaa vizuri kichwani akilala.

Usisubiri siku ya wazazi kwenda shuleni. Nenda na daftari lenyewe mkononi, umwombe mwalimu akuonyeshe mada mahususi inayomshinda mtoto. Ukiuliza tu maendeleo yake utaambiwa aongeze bidii na utarudi ulivyokwenda. Muulize pia anakaa dawati gani. Kabla ya hapo, linganisha yaliyo kwenye daftari lake na ya mwenzake wa darasa moja. Ukikuta amenakili tarakimu tofauti na zilizokuwa ubaoni, 3 imekuwa 8, maneno yamerukwa, mpeleke akapimwe macho kabla hujalipia masomo ya ziada.