Riakta ya fyusheni ya Mekanism (modi ya gemu la Minecraft) haiwaki hata leza ikipiga
Pole mkuu, kama umbo la riakta limekubali (bloku zote zimeungana sawa), leza inapiga ila riakta haiwaki, mi nashuku holraumu, yaani kile kikapsuli cha mafuta ya kuwashia, hiyo lazima uijaze mchanganyiko wa gesi za deuteriamu na tritiamu mpaka ijae kabisa ndo uiweke kwenye kontrola, ile bloku kuu ya riakta, ikiwa tupu hata upige leza siku nzima hamna kitu, wengi wanakwama hapohapo. Afu usifyatue mapema, acha amplifaya, bloku inayokusanya nguvu ya leza, ijae chaji ya kutosha maana joto linatakiwa lifike kelvini milioni 100, na hakikisha leza inagonga ile bloku yake ya kupokelea sio glasi. Cheki na poti ya mafuta, kama umeiseti kutoa badala ya kuingiza itawaka kidogo tu izime. Hailipuki hiyo, jaribu tena bila woga.