Kuunganisha sheria za Mahakama: mambo ya kujua kabla hujaandika kifungu cha kwanza

Ukipangiwa kwenye timu ya kuandaa muswada wa kuunganisha sheria za Mahakama ya Tanzania, usianze kwa kuandika. Wanaoanza wengi hufungua faili jipya, wakaandika "Sheria hii itaitwa", kisha wakanakili Sura ya 11, yaani Sheria ya Mahakama za Mahakimu, kifungu kwa kifungu huku wakinyoosha lugha njiani. Baada ya wiki chache wana kurasa nyingi nadhifu, lakini hakuna anayeweza kusema kifungu fulani kimetoka wapi, wala kama neno lililobadilika lilibadilishwa makusudi au liliteleza tu. Hapo kazi huanza upya.

Elewa kwanza mpaka wa kazi yenyewe. Urekebu unaofanyika chini ya Sura ya 4, Sheria ya Urekebu wa Sheria, hukusanya marekebisho, huondoa kilichokwisha kufutwa na kupanga upya. Toleo la Urekebu la 2023, lililozinduliwa Aprili 2025 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, lilifanya hivyo, na katika baadhi ya sheria namba za vifungu zimesogea. (Kwa sababu hiyo namba zote hapa chini ni za Toleo la 2019. Kila unaponukuu, taja toleo.) Urekebu hauruhusiwi kugusa maana ya sheria. Ukitaka kubadili muda wa rufaa au kuhamisha mamlaka ya baraza, lazima muswada upite Bungeni. Kuunganisha sheria za Mahakama kuna kazi zote mbili, zimechanganyika kama mchele na chuya.

Sasa angalia zilivyotawanyika. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zimo kwenye Katiba ya 1977, kuanzia ibara ya 107A. Mahakama za Mwanzo, za Wilaya na za Hakimu Mkazi ziko Sura ya 11, sheria ya 1984. Rufaa za kwenda Mahakama ya Rufani ziko Sura ya 141, ya 1979, iliyotungwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na mahakama yake ya rufaa kufa nayo. Sheria zipi zitumike mahakamani, pamoja na ile tarehe maarufu ya 22 Julai 1920 ya kupokea sheria za Uingereza, ni Sura ya 358. Watumishi, Mfuko na Mtendaji Mkuu wa Mahakama ni sheria namba 4 ya 2011. Kisha zipo sheria zinazogawa mamlaka ya mahakama bila jina la mahakama kuonekana kwenye jalada: Sheria ya Ndoa, Sheria ya Mtoto, Sura ya 200 kuhusu uhujumu uchumi, sheria za kazi. Na Sura ya 216 ya migogoro ya ardhi. Hizi ndizo husahaulika. Usizitafute kwa majina ya sheria. Tafuta neno "mahakama" na neno "rufaa" katika kila sura, Kiswahili na Kiingereza.

Kila unachokipata kiingize kwenye daftari la vifungu. Jedwali la kompyuta la kawaida linatosha, lenye safu sita: chanzo (sura, kifungu, toleo), maneno yake kama yalivyo, hali yake, yaani kiko hai, kimekufa au kinarudiwa kwingine, kinakokwenda, aina ya badiliko, na nani aliyeamua. Safu ya tano iwe na maneno matatu tu: kuhamisha, kusafisha, kubadili. "Kuhamisha" ni neno kwa neno. "Kusafisha" ni lugha mpya, maana ileile. "Kubadili" ni sera, na sera haiamuliwi na mwandishi wa sheria. Safu ya sita ikiwa tupu, kifungu hakiingii kwenye rasimu. Kamati ya Bunge ikiuliza kwa nini siku 30 zimekuwa 45, jibu litoke kwenye daftari, si kichwani mwa mtu aliyekwisha hamishwa.

Tuchukue jambo moja tulitazame kwa karibu: muda wa kukata rufaa. Aliyeshindwa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 kwenda Mahakama ya Wilaya, kwa kifungu cha 20 cha Sura ya 11, na siku 30 nyingine kwenda Mahakama Kuu kwa kifungu cha 25. Shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Wilaya likikosa muda wake maalumu hupewa siku 90 na jedwali la Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Shauri la ardhi lililoanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lina siku 45. Baraza hilohilo likiwa limeketi kama la rufaa, siku 60. Ndoa ni siku 45. Jinai kutoka Mahakama ya Wilaya ni taarifa ya nia ndani ya siku 10, halafu sababu za rufaa ndani ya siku 45.

Mtu akiona orodha hiyo hutamani kuandika "siku 45 kwa rufaa zote" na kwenda kunywa chai. Subiri. Namba ni nusu ya kanuni. Nusu nyingine ni saa inaanza kuhesabu lini. Sura ya 20, ya mwenendo wa makosa ya jinai, inaondoa siku za kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Sura ya 89 inaondoa zile za kusubiri nakala ya tuzo, yaani amri inayotokana na hukumu, au ya hukumu yenyewe. Ukiunganisha namba na kusahau kanuni ya kuhesabu, umemnyang'anya muda mrufani ambaye karani alikawia kumpa nakala, na hakuna aliyekutuma kufanya hivyo. Kwa hiyo daftarini muda wa rufaa huandikwa kwa mistari mitatu: siku ngapi, tangu lini, na nani anaweza kuongeza.

Viwango vya fedha vina mtego wake. Tangu marekebisho ya 2016, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mashauri ya mali isiyohamishika hadi shilingi milioni 50 na inayohamishika hadi milioni 30. Mahakama ya Wilaya ni milioni 300 na milioni 200. Ila shauri likiwa la kibiashara vinashuka hadi milioni 100 na milioni 70. Baraza la Ardhi na Nyumba nalo lina 300 na 200, lakini kwenye sheria nyingine kabisa. Siku Bunge litakapopandisha kimoja na kusahau kingine, mawakili watachagua pa kufungulia shauri kwa hesabu. Maoni yetu: viwango vyote vikae kwenye jedwali moja nyuma ya sheria. Hatupendi vibadilishwe kwa tangazo la waziri peke yake, maana kiwango cha fedha ndicho mlango wa mahakama, na mlango haufai kusogezwa bila Bunge kuona.

Tofautisha pia jedwali na kanuni. Utaratibu wa jinai wa Mahakama ya Mwanzo ni Jedwali la Tatu la Sura ya 11, na mamlaka yake ya mirathi ni Jedwali la Tano. Hizo ni sehemu ya sheria mama. Lakini utaratibu wake wa madai uko kwenye Tangazo la Serikali namba 310 la 1964, na wa rufaa zinazotoka huko kwenye namba 312 la mwaka huohuo. Tazama mwaka. Kanuni hizo zilitungwa chini ya sheria ya 1963, sheria hiyo ikafa mwaka 1984, zenyewe zikavuka. Ukifuta Sura ya 11 leo bila kifungu kinachosema kanuni zilizopo zitaendelea kutumika kana kwamba zimetungwa chini ya sheria mpya, asubuhi yake hakimu wa Mahakama ya Mwanzo atakuwa na mamlaka ya kusikiliza madai bila utaratibu wa kuyasikiliza. Sura ya 1, ya tafsiri ya sheria, ina kinga ya jumla kwa haki zilizokwisha patikana na mashauri yaliyokwisha anza, ila usiitegemee peke yake. Orodhesha matangazo yote, moja moja, na namba zake.

Masharti ya mpito yaandikwe mapema, si usiku wa mwisho. Mwaka 2023, kwa sheria namba 11, hitaji la kibali cha kukata rufaa ya madai kwenda Mahakama ya Rufani liliondolewa. Lilikuwa jambo jema. Lakini siku ileile palikuwa na maombi ya kibali yanayosubiri kusikilizwa, na swali likawa yafanyweje. Kanuni ya jumla ni kwamba badiliko la utaratibu hugusa hata mashauri yaliyopo, na badiliko la haki haligusi. Tatizo ni kukubaliana kipi ni kipi. Mstari mmoja wa mpito huokoa mabishano ya miezi. Kwa kila badiliko jiulize habari za mafaili matatu: lililofunguliwa, lililosikilizwa likisubiri hukumu, na lililotolewa hukumu muda wa rufaa ukiwa bado unakimbia.

Halafu Zanzibar. Mahakama ya Rufani ni jambo la Muungano, la 21 kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba. Mahakama za chini yake si za Muungano. Ukiandika sheria moja yenye kila kitu, kifungu cha matumizi lazima kiseme sehemu ipi inahusu Jamhuri nzima na ipi Tanzania Bara peke yake. Tunaona ni salama zaidi Sura ya 141 ibaki sheria yake, na muswada uunganishe za Bara. Kenya, baada ya Katiba ya 2010, ilichagua sheria moja kwa kila ngazi: Mahakama ya Juu mwaka 2011, kisha za Rufaa, Kuu na za Mahakimu mwaka 2015. New Zealand walipeleka muswada mmoja mwaka 2013 badala ya sheria yao ya mahakama ya 1908 na nyinginezo, nao ukatoka Bungeni mwaka 2016 umegawanywa kuwa sheria kadhaa. Huko mahakama nyingi za wilaya zilifanywa mahakama moja inayoketi sehemu mbalimbali. Kwetu Mahakama ya Mwanzo imefungwa ndani ya wilaya yake. Hilo likiguswa ni "kubadili", hata likionekana kama kusafisha lugha.

Lugha yenyewe, tangu 2021, ni Kiswahili, na hapa usitafsiri kwa mazoea. "Mahakama" ni mhimili na pia ni jengo analoketi hakimu; herufi kubwa haitoshi, kwani haisikiki kifungu kikisomwa kwa sauti. Tunasema Mahakama ya Rufani lakini tunakata rufaa. "Mapitio" na "marejeo" kila ofisi inayatumia kivyake: moja ni mahakama ya juu kukagua mwenendo wa ya chini, jingine ni mahakama kuutazama tena uamuzi wake yenyewe. Chagua, weka kwenye kifungu cha tafsiri ya maneno, kisha tafuta rasimu nzima kuhakikisha halikupenya lile jingine.

Rasimu ikikamilika, ipitishe kwenye mafaili matano: mirathi ya kimila, talaka, mpaka wa shamba, wizi, na deni la dukani. Kila faili litembezwe tangu kufunguliwa hadi rufaa ya mwisho, na anayelitembeza awe karani wa masjala, si mwandishi wa rasimu. Karani ndiye atakayegundua kwamba fomu ya wito bado inataja kifungu kilichofutwa, na kwamba mfumo wa kusajili mashauri kwa kompyuta una orodha ya vifungu vya zamani. Tarehe ya kuanza kutumika isitangazwe kwenye Gazeti la Serikali kabla fomu hizo hazijachapwa upya na kufika Mahakama ya Mwanzo iliyo mbali kuliko zote.